Anayeleta nguvu huondoka na fungu

Jiwe la dhahabu halimpi mtu kitu mpaka livunjwe. Mbale inayotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Lwamgasa, Nyarugusu au Mgusu mkoani Geita, au kule Mwakitolyo, Shinyanga Vijijini, ukiiona imelala chini utadhani ni jiwe la barabarani. Dhahabu imo ndani, lakini ni chembe zisizoonekana kwa macho, mara nyingi gramu chache tu katika tani nzima ya mwamba. Ili chembe hizo zitoke, ni lazima jiwe lipondwe, kisha lisagwe mpaka liwe laini kama unga wa dona. Hapo katikati, kati ya jiwe na unga, ndipo ilipo biashara ambayo mgeni anayepita na basi kwenda Mwanza au Bukoba haioni: biashara ya nguvu.

Nguvu hiyo ina sura nyingi. Ipo ya mikono, ipo ya dizeli, ipo ya upepo wa kompresa, na sasa ipo ya nyaya za shirika la umeme, TANESCO. Ukifuatilia mgawanyo wa mali machimboni, utakuta kila aliyeleta nguvu amekuja na kiroba chake cha kubebea fungu. Mwenye ardhi ana lake na mwenye leseni ana lake, lakini mwenye injini naye hakosi. Mara nyingine fungu lake ndilo lisilopigiwa hesabu mezani, na ndilo nono.

Karasha na mchanga unaobaki

Eneo la kusagia mawe hujulikana kwa jina la mashine yake, karasha. Kwenye sakafu ya zege imefungwa injini ya dizeli. Mkanda mrefu wa mpira unatoka kwenye gurudumu lake hadi kwenye pipa la chuma lililolazwa ubavu. Ndani ya pipa kuna gololi za chuma. Injini ikinguruma, pipa linazunguka, gololi zinapanda na kuanguka juu ya mawe, na kelele yake inawafanya watu wazungumze kwa ishara. Mwenye mawe haendi mbali. Anakaa karibu na viroba vyake, anahesabu vinavyoingia, anaangalia mdomo wa pipa, kwa sababu mawe ya watu yakichanganyika hakuna shahidi atakayeweza kuyatenganisha.

Unga ukitoka unachanganywa na maji na kumiminwa juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa zulia. Vyepesi vinakwenda na maji, vizito vinanasa kwenye manyoya ya zulia. Zulia linakung'utwa kwenye beseni, zebaki inatiwa, inakandwa kwa mkono, inakamuliwa kwenye kitambaa, kisha kidonge kinachobaki kinachomwa moto ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Ni njia ya haraka, na ya hatari kwa anayevuta ule moshi. Isitoshe ni njia ya hasara, maana mara nyingi hata nusu ya dhahabu iliyokuwa kwenye jiwe haipatikani. Inayobaki inakwenda na mchanga.

Mchanga huo unaitwa marudio, na hapa ndipo hesabu inapogeuka. Katika karasha nyingi, mchimbaji anasagiwa mawe kwa bei nafuu, lakini akiondoka anauacha mchanga wake. Mwenye karasha anaurundika, unakuwa kichuguu, kichuguu kinakuwa kilima. Ukishafika kiasi cha kutosha unapelekwa kwenye matangi ya kuchenjulia, unalowekwa kwenye maji yenye sayanaidi kwa siku kadhaa, na dhahabu iliyoponyoka zebaki inanaswa kwenye kaboni. Mchimbaji ameshaondoka siku nyingi na gramu zake mbili. Mwenye injini anavuna ya pili, pengine kubwa kuliko ya kwanza, kutoka kwenye jiwe ambalo hakulichimba.

Ukimuuliza mchimbaji kwa nini anakubali, jibu liko wazi. Hana mashine, hana hela ya dizeli, na mawe hayaliwi.

Majembe yaliyofuata ngoma

Utaratibu wa kumlipa anayeleta nguvu kwa sehemu ya mavuno haukuja na dhahabu. Usukuma unaujua tangu enzi za majembe ya mkono. Vijana walijipanga kwenye vikundi vya kulima chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na mwenye shamba kubwa aliyeona msimu unamkimbia aliwaalika. Walikuja na ngoma. Mpigaji alisimama mbele ya mstari, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo, na aliyetaka kulegea alijikuta anavutwa na wenzake. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo leo watalii huonyeshwa kwenye makumbusho ya Bujora nje ya Mwanza, ilizaliwa kwenye kazi hiyo hasa. Wachezaji wanarusha majembe hewani na kuyadaka, lakini chini ya madoido hayo kuna ratiba ya kulima ekari.

Mwenye shamba hakulipa mshahara. Alichinja, akapika, akatoa pombe, na kikundi kikaondoka na sifa pamoja na ng'ombe au mali nyingine waliyokubaliana. Ushindani ulikuwa sehemu ya malipo. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanavihusisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, vilishindana kwa nyimbo, kwa mbwembwe na kwa dawa, kila kimoja kikitaka umati uhamie upande wake. Mtafiti wa muziki kutoka Marekani, Frank Gunderson, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzichapisha katika kitabu kikubwa mwaka 2010. Ukizipitia unaona kwamba wimbo ulikuwa chombo cha shambani sawa na jembe.

Pamba ndiyo iliyoipeleka nguvu hiyo kwenye soko la dunia. Katika miaka ya 1950 Kanda ya Ziwa ililima pamba kwa kasi, na vyama vya ushirika vya wakulima vikaungana mwaka 1955 kuunda shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake. Vikundi vya kulima vilikuwa na kazi tele. Kisha likaja jembe la kukokotwa na ng'ombe, yakaja matrekta, na ngoma ikahamia kwenye sherehe za Sabasaba na mapokezi ya viongozi.

Wajukuu wa wakulima hao ndio wengi walioshika sururu dhahabu ilipopamba moto. Walifika machimboni wakiwa wamezoea kitu kimoja ambacho mtu wa mshahara wa mjini anaweza kukiona cha ajabu: kufanya kazi kwanza, na kulipwa kwa fungu la kile kitakachopatikana, kama kitapatikana.

Ndani ya duara

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na machimboni methali hiyo ni mkataba. Mgawanyo uliozoeleka katika machimbo madogo ya Geita, ambao watafiti wameuandika mara nyingi, unampa mwenye leseni kama asilimia 30 ya mawe. Yanayobaki wanagawana mwenye duara na wachimbaji wake. Viwango vinapanda na kushuka kutoka rashi moja, yaani eneo lenye mkurupuko wa wachimbaji, hadi nyingine, lakini msingi haubadiliki. Mchimbaji hana mshahara. Mwenye duara anamlisha, anamnunulia tochi, anatafuta magogo ya kuzuia kuta zisibomoke na analipia dizeli ya pampu. Miezi inaweza kupita bila mbale kuonekana. Ikionekana, gharama zinakatwa kwanza.

Gharama inayouma zaidi inaongezeka kadiri duara linavyozidi kwenda chini. Mita chache za kwanza ni sururu na ndoo. Zaidi ya hapo maji yanaanza kuingia na pampu haiwezi kuzimwa usiku wala mchana. Hewa inakuwa nzito, inabidi kompresa isukume upepo kwa mpira mrefu. Mwamba mgumu ukianza, kompresa hiyohiyo inaendesha mashine ya kutoboa matundu ya baruti. Mwenye duara asiye na kompresa anakodi, na asiye na hela ya kukodi anamkaribisha mwenye kompresa awe mbia. Hapo viroba vya mawe vinapata mwenyewe mwingine kabla hata havijapanda juu.

Chini huko, nguvu ya mashine si suala la faida peke yake. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Wengi walishakata tamaa juu yao. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai, wamedhoofu, wakisimulia jinsi walivyokula mizizi, magome na wadudu na kunywa maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye mwamba. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kwa wenyeji wa machimbo ilikuwa pia ukumbusho wa namna maduara mengi yanavyochimbwa: kwa mikono, kwa magogo yaliyopatikana, na kwa mitambo ya uokoaji inayotoka mbali.

Juu ya ardhi kuna nguvu isiyokuwa na kelele ya injini. Wanawake huketi juu ya viroba mbele ya rundo la mawe, nyundo mkononi, wakizungushia jiwe kipande cha mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni. Wanalipwa kwa kiroba au kwa debe. Wengine wanapita kwenye vifusi kuokota mawe yaliyotupwa. Karasha jipya likifungwa jirani, kazi yao ndiyo ya kwanza kumezwa, kwa sababu pipa la chuma halihitaji jiwe lipondwe kwa subira ya mkono.

Na nguvu za mwili nazo zina soko lake. Kwa mama lishe wa machimboni ugali haukatwi kwa adabu. Sahani ya mchimbaji ni mlima. Kwenye mifuko ya waliotoka vijijini hakukosekani michembe au matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo vimewavusha Wasukuma kwenye njaa nyingi, pamoja na karanga. Kando yake zimepangwa chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwa vijana wa zamu ya usiku. Zamani kidogo zingekuwa paketi za viroba, pombe kali ya bei poa, mpaka Serikali ilipozipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

Nguvu iliyouzwa kwa damu

Kuna fungu jingine ambalo halipendwi kusemwa kwa sauti. Dhahabu haina ahadi. Duara moja linatoa, la pembeni yake lililochimbwa kwa kina kilekile linatoa udongo mtupu. Katika pengo hilo aliingia mganga, naye akauza nguvu: dawa ya kuvuta bahati, ya kufungua mwamba, ya kumfunga jirani. Mara nyingi malipo yalikuwa mbuzi, kuku au pesa.

Lakini kuanzia mwaka 2007 hivi, biashara hiyo ilifikia unyama katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na jirani zake. Watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri kwa wachimbaji na wavuvi. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema wa BBC aliwaendea waganga kwa siri na kufichua biashara hiyo, akalazimika kujificha kwa vitisho. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino katika Wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Shinyanga.

Shule ya Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ikajikuta inapokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini kwao, wengine wakiwa wadogo mno hata umri wa darasa la kwanza hawajafika. Wazazi waliwaleta, wakawaacha, na baadhi hawakurudi. Walioagiza viungo hivyo, wenye hela za kulipia dawa ya bei hiyo, ni wachache mno waliowahi kupanda kizimbani.

Nyaya zinapofika

Wachimbaji wakubwa wana shida ileile ya nguvu waliyo nayo wadogo, ila imekuzwa. Kati ya hatua zote za mgodi, kusaga mwamba ndiko kunakokula nishati nyingi. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Msalala mkoani Shinyanga na ulioanza uzalishaji mwaka 2001, unakwenda chini ya ardhi zaidi ya kilomita moja. Huko lazima hewa isukumwe, maji yavutwe, watu na mawe wapandishwe kwa winchi, saa 24. Ndiyo maana njia ya umeme ya kilovoti 220 ilivutwa kutoka Shinyanga hadi mgodini, wakati vijiji vingi vilivyokuwa njiani viliendelea kuwasha vibatari.

Mgodi wa Geita, GGML, uliozinduliwa mwaka 2000, ulikuwa mbali na njia hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20 ulijizalishia umeme kwa mitambo yake ya mafuta, malori yakiyaleta kutoka pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hali ilianza kubadilika pale njia ya kilovoti 220 kutoka Bulyanhulu, yenye urefu wa kama kilomita 55, ilipofika Geita na kituo cha kupoza umeme kikajengwa Mpomvu. Kutoka hapo njia nyingine imekwenda Nyakanazi, ikakutana na umeme wa maporomoko ya Rusumo, mradi wa megawati 80 ambao Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi.

Nyuma ya njia hizo kuna uti wa mgongo wenyewe, njia kubwa ya kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa uwezo wa kilovoti 400. Nyuma yake tena kuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Mradi huo wa mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115 ulisukumwa na Rais John Magufuli, mtoto wa Chato, wilaya iliyo katika Mkoa wa Geita tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, nchi ikiwa imechoshwa na mgawo wa umeme uliowafanya wenye karasha waliokwisha kufunga mota za umeme wazirudie injini zao za dizeli.

Siasa za kanda zimepita njia hiyohiyo. Mpaka Oktoba 2017 nishati na madini vilikuwa wizara moja; Magufuli akavitenganisha. Doto Biteko, mbunge wa Bukombe tangu 2015, alikuwa Waziri wa Madini kuanzia Januari 2019. Miezi miwili baada ya uteuzi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la madini la Geita, ambako mchimbaji mdogo anauza dhahabu yake mbele ya mizani ya Serikali. Agosti 2023 Biteko akahamishiwa Nishati, akiwa pia Naibu Waziri Mkuu. Mbunge aliyekuwa akiombwa leseni za uchimbaji na wapigakura wake akaanza kuombwa nguzo na transfoma.

Maombi hayo yana msingi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo vijijini kwa kasi ambayo wazee hawakuitarajia, na gharama ya kuunganishwa kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000. Taa zimewaka, simu zinachajiwa, saluni zimefunguliwa. Lakini katika maeneo mengi umeme uliofika ni wa njia moja, unaotosha taa na friji. Mota ya karasha inataka njia tatu. Mwenye machimbo anaweza kuiona nguzo ikipita mita 200 kutoka kwenye mashine yake na bado akaendelea kununua dizeli kwa madumu. REA imeanzisha mradi mahsusi wa kupeleka umeme mkubwa kwenye machimbo madogo, maeneo ya kilimo na viwanda vidogo, na karibu kila mkutano wa wachimbaji una mtu anayesimama kuuliza eneo lake limo kwenye orodha au halimo.

Nishati nyingine inatarajiwa kutoka jirani zaidi. Kijijini Ngunga, wilayani Kishapu, kunajengwa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa ya megawati 50, kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2023. Kishapu inalijua jua vizuri. Ni wilaya ya pamba, mtama na almasi za Mwadui, ambako mvua ikichelewa wiki mbili bei ya mahindi sokoni inaruka. Umeme wake utaingia kwenye gridi, na kwa kuwa jua linazama wakati karasha bado zinanguruma, zamu ya usiku itaendelea kutegemea maji ya Rufiji.

Bei ya uniti na jina kwenye mita

Swali linalobaki ni kama nyaya zitaubadilisha mgao, au zitabadilisha tu jina la anayechukua fungu. Jedwali la bei za umeme lililoidhinishwa na mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, mwaka 2016 linatoa dokezo. Mteja wa kawaida wa biashara ndogo, kundi la T1 ambamo karasha moja dogo huangukia, alipangiwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, kundi la T2, alipangiwa 195. Mteja mkubwa anayepokea umeme wa msongo mkubwa, kama mgodi wa kimataifa, alipangiwa 152. Wahandisi wana maelezo yake: umeme ukipozwa mara nyingi na kusafirishwa kwenye nyaya nyembamba unapotea njiani, na mteja mkubwa anajigharimia transfoma zake. Kwa mwenye kiroba, maelezo hayo hayapunguzi tofauti. Nguvu ya kusaga jiwe lake ilipangiwa bei karibu mara mbili ya ile inayosaga la mgodi mkubwa.

Makarasha yakikaa pamoja na kununua kama mteja mmoja, hesabu inabadilika. Chukua eneo linalotumia uniti 8,000 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 ni shilingi 2,336,000. Kwa bei ya T2 ni 1,560,000. Tofauti ni shilingi 776,000 kila mwezi, ingawa tozo ya kiwango cha juu cha matumizi, ambayo kundi la T2 hulipa na T1 hailipi, inamega sehemu ya unafuu huo. Ushirika wa namna hii si kitu kigeni kwa wachimbaji. Leseni nyingi ziko chini ya vikundi, na shirika la madini la Taifa, STAMICO, lilishajenga vituo vya mfano vya kuchenjulia dhahabu huko Lwamgasa na Katente, ili mchimbaji aone jinsi jiwe linavyoweza kutoa zaidi ya linavyotoa kwenye zulia na zebaki.

Ugumu uko kwenye marudio. Mwenye karasha aliyeuza pikipiki na ng'ombe ili anunue injini ya kwanza hataki kusikia kwamba, kwa kuwa dizeli imekwisha, mchanga nao si wake tena. Mchimbaji kwa upande wake anauliza kwa nini aache mchanga wakati umeme unalipiwa kabla kwa mita ya LUKU na kila mtu anaziona uniti zinavyokatika. Yako maeneo ambako wanalipana kwa kiroba na kila mtu anaondoka na mchanga wake, na yapo mengi ambako mchanga bado unabaki kama ulivyobaki enzi za dizeli.

Mita inasajiliwa kwa jina moja. Likiwa la mwenye mashine, yeye ndiye anayenunua uniti, anayepanga zamu na anayeamua mawe ya nani yaingie kwanza kwenye pipa, na kilima cha marudio kitaendelea kukua nyuma ya banda lake. Likiwa la kikundi, katiba ya kikundi italazimika kusema mambo ambayo mpaka sasa yalisemwa kwa mdomo kando ya karasha: nani anachangia uniti na kwa kiasi gani, mota ikiungua nani anaitengeneza, na kila kiroba cha mchanga kinachotoka kwenye zulia kinaandikwa kwa jina la nani kabla hakijapelekwa kwenye tangi.